Upenuni

Sisi tulitaka choo tu.
Miaka tisa tumeuza jemu ya plamu, keki za tangawizi,
tiketi za bahati nasibu zenye zawadi ya jogoo wa barafuni,
maana ibada za Aldersby ni ndefu
na vibofu vya waumini vimezeeka kuliko imani yao.

Jumatatu, Denzil Garth akaleta katapila lake dogo,
akachimba mtaro kutoka sakristia kuelekea barabarani,
na kabla chai haijapoa kwenye chupa
akazima injini. Akavua kofia.
Hakusema neno, alinyoosha kidole tu.

Wakaja watu wa kaunti na brashi zao,
na Sunniva Thwaite, matope hadi kwenye nyusi,
aliyepiga magoti wiki mbili mfululizo,
zaidi ya yeyote aliyewahi kupiga magoti kwenye parokia hii.

Ilitoka misumari ya majeneza.
Kiko cha mchimba kaburi aliyekuwa mvivu au mwenye huzuni.
Chanuo la pembe ya kulungu, limebaki meno saba.
Mwanamke mrefu mwenye ufunguo kiganjani:
mlango umeoza, nyumba imeoza, jina la kijiji limeoza,
yeye bado ameushika.
Mwanamume aliyezikwa kifudifudi,
na kosa lake halikuzikwa naye.

Siku ya kumi, chini ya ukuta wa kaskazini,
Sunniva akaniita. Shuka polepole, alisema.
Walikuwa kumi na mmoja, wamelazwa sambamba na ukuta
kama vijiko kwenye droo,
mbavu zao njiti za kiberiti, rangi ya chai.
Vichanga. Waliokufa kabla maji hayajawafikia.

Lakini mtu fulani, mama au nyanya,
au mzishi aliyejifanya hajasikia amri,
aliwaleta papa hapa, upenuni,
ambapo mvua ikishagusa paa la kanisa
huteremka imekwisha kubarikiwa
na kumwangukia mtoto utosini.
Ndo.
Ndo.
Chururu si ndo ndo ndo,
husema wenye haraka ya kujaza mtungi.
Hawa walikuwa na miaka elfu moja.

Nikamuuliza: unajuaje kwamba walibatizwa?
Akafuta mwiko wake kwenye suruali.
Hilo silijui, alisema. Najua walipolazwa.

Sikumwambia habari za Machi, mwaka wa sabini na moja,
nesi, taulo la kijani, mlango wa kushoto.
Nilimuuliza Edmund: wapi?
Edmund akasema, wameshughulikia.
Neno hilo nimelala nalo kitanda kimoja
kwa muda mrefu kuliko nilivyolala na Edmund.

Tuliwarudisha mwezi wa Oktoba, kila mmoja mahali pake.
Mchungaji Ottoline alisoma sala fupi, upepo ukasoma iliyobaki.
Choo kilihamia upande wa kusini.
Kinafanya kazi. Mlango unakwama.

Na sasa fundi ameleta makadirio ya mfereji wa bati,
ule ambao babu zetu waliufunga ukutani
ili maji yaende kwenye pipa, yasioze msingi.
Umepasuka upande wa kaskazini. Pauni mia nne na sitini.

Mimi ndiye mtunza hazina.
Nimeandika mishumaa. Nimeandika bima, na dawa ya popo.
Mstari wa mfereji nimeuacha mtupu,
na jana mvua ilipoanza
nikatoa kiti cha kwaya, nikakaa chini ya ufa,
bila mwavuli, hadi ukosi ukalowa.

Halmashauri wakiuliza,
nitasema pesa zote ziliishia chooni.